Atasoma ili Iweje?

Swali hili huulizwa na watu wema. Huulizwa na bibi anayempenda mjukuu wake, na mzee wa kanisa anayetoa sadaka bila kuhesabu, na pengine na mwalimu mwenyewe inapofika saa nane mchana na nguvu zimemwishia. Huyu mtoto mwenye ulemavu wa akili, ambaye kwa mwezi wa tatu sasa tunamfundisha kwamba alama hii inasema "mmm", atasoma ili iweje? Hakuna chuki ndani ya swali. Ndiyo maana ni gumu, na ndiyo maana linastahili kujibiwa na watu wa imani wala lisiachiwe walimu peke yao.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe, kwa kuwa wengi wetu tulijifunza kusoma tukiwa wadogo na tumesahau tulivyojifunza. Mtoto hana budi kugundua jambo la ajabu: kwamba neno analolisikia kama kitu kimoja, "mama", limejengwa kwa vipande, kwamba kila kipande kina sauti, na kwamba kila sauti imepewa alama yake kwenye karatasi. Watoto wengi huligundua hili upesi mno, hata tukadhani wamezaliwa nalo. Mtoto mwenye mahitaji maalumu hulipata kwa hatua ndogo ndogo. Mwalimu anayeijua kazi yake huanza na masikio kabla ya macho. Wanapiga makofi kwa silabi: ma-ma, makofi mawili, ki-ko-mbe, makofi matatu. Wanaweka vizibo vya soda mezani, kizibo kimoja kwa kila silabi, na mtoto anavisogeza kwa kidole huku akitamka. Baadaye ndipo inakuja m. Walimu huipenda m kwa sababu inaonekana: midomo imefungwa, mtoto anajitazama kwenye kioo kidogo, anagusa pua yake na kusikia inavyotetema. Anaichora kwa kidole kwenye sinia la mchanga. Anaipapasa ikiwa imekatwa kwenye karatasi ya msasa. Anaifinyanga kwa udongo. Kisha a. Mmmaaa. Iko siku sauti hizo mbili zitaungana kinywani mwake na kuwa kitu kimoja, na siku hiyo yaweza kuchukua wiki sita kufika.

Kiswahili kinatusaidia sana hapa. Irabu zetu ni tano tu na hazibadiliki. A ya "baba" ndiyo a ya "samaki". Mtoto wa Uingereza hukuta herufi moja ikiwa na sauti nne au tano, na aliye mzito wa kusoma huteseka. Hata hivyo sisi nasi tuna mitego yetu. Katika "mtoto" ile m inasimama peke yake bila irabu, kwa hiyo makofi ni matatu, m-to-to, na mtoto aliyefundishwa kwamba kila silabi huishia kwa irabu hukutazama kwa mashaka. Iko "ngoma" na iko "ng'ombe". Ziko sh, ch na dh, ambazo ni alama mbili zenye sauti moja. Mtoto aliyekwisha kushika kwamba alama moja ni sauti moja huona kama amedanganywa, na kwa kweli ana haki ya kuona hivyo.

Sasa tujibu. Jibu la kwanza ni la faida. Atasoma ili atambue jina lake kwenye kadi ya kliniki, ili asome kibao cha daladala, ili asiweke dole gumba kwenye karatasi asiyoijua. Ni jibu zuri, na kwa watoto wengi ni la kweli kuliko tunavyodhani. Kwa muda mrefu watoto wenye sindromu ya Down walihesabiwa kuwa hawawezi kusoma kabisa. Baadaye walimu wakakubali kwamba wanaweza kukariri maneno mazima kwa sura yake, kwa sababu wengi wao hushika kwa macho kuliko kwa masikio, lakini wakasema sauti za herufi hawataziweza. Baadaye tena ikaonekana kwamba wengi wao wanaziweza, wakipewa muda na wakipimwa masikio yao vizuri, maana wengi husikia kwa shida. Kila mara mpaka ulichorwa, na kila mara walipatikana watoto wa kuuvuka.

Lakini jibu la faida lina ufa. Namfahamu kijana mmoja wa miaka kumi na minne ambaye baada ya miaka mitatu ya mwalimu mwenye uvumilivu anajua herufi kumi na moja. Kibao cha daladala hakisomi, wala sioni dalili kwamba atakisoma. Kama faida ndiyo sababu yote, basi miaka mitatu yake imepotea, na yule bibi alikuwa na haki.

Jibu la pili ni letu la kanisani: atasoma ili alisome Neno la Mungu. Sisi Walutheri tunalipenda jibu hili. Martin Luther mwaka 1524 aliwaandikia wakuu wa miji ya Ujerumani akiwasihi wajenge shule, na wamisionari waliokuja kwetu walikuja na ubao na chaki pamoja na Injili. Kule Buganda Wakristo wa kwanza waliitwa wasomaji. Kusoma na kuamini vilikaribia kuwa neno moja. Ni historia ya kujivunia. Lakini itazame kwa macho ya yule kijana wa herufi kumi na moja. Ikiwa Mkristo ni msomaji, yeye ni nani? Mtume Paulo anasema katika Warumi 10 kwamba imani huja kwa kusikia, na hakuweka mtihani wa kusoma mlangoni. Kijana huyu alibatizwa akiwa mchanga, kama sisi. Hakuna herufi hata moja inayompungukia mbele za Mungu.

Hapo ndipo wengi wetu tunapotulia. Tunasema: basi, ikiwa Mungu anampenda hivyo alivyo, tumwache apumzike. Tusimsumbue. Tumpende tu. Na huruma hiyo, iliyo nzuri kuisikia, ndiyo ninayotaka kuipinga katika karatasi hizi.

Tazama huruma hiyo inavyofanya kazi katika usharika. Kijana mwenye ulemavu wa akili ana miaka kumi na minne, lakini Shule ya Jumapili anakaa na watoto wa miaka mitano. Wenzake wanapopewa mstari wa kukariri, yeye anapewa pipi. Anapoimba nje ya sauti tunatabasamu, na akichora mstari mmoja kwenye karatasi tunasema hongera, vizuri sana, kwa sauti ile tunayoitumia kwa mtoto wa kunyonyesha. Tunamwombea, naam, na mara nyingine tunampeleka kwenye mikutano ya maombezi mmoja baada ya mwingine. Kumwombea ni wajibu. Ila sijaona mtu anayemwombea mtoto wake mwenye afya afaulu mtihani kisha akaacha kumnunulia daftari. Na kijana anajua. Watoto hawa husoma nyuso zetu kabla ya kusoma herufi yoyote, naye anajua hongera ya kazi aliyoifanya na hongera ya kumnyamazisha.

Kufundisha maana yake ni kumtarajia mtu. Nikikuuliza swali na kusubiri jibu, nimekwisha kukuhesabu miongoni mwa wanaojibu. Nikiacha kukuuliza, hata kama nimeacha kwa upole na kwa kukuonea huruma, nimekutoa kwenye mazungumzo. Hilo ndilo hututokea na watoto hawa: tunawapenda na hatuwatarajii. Neno "hawezi" tunalitamka kabla ya kufundisha, wakati jambo pekee tunaloweza kulisema kwa ukweli ni "hajafundishwa".

Si jambo jipya kudharau kazi ya herufi. Katika Isaya 28 wako makuhani na manabii waliolewa divai wanaomdhihaki nabii: anadhani anamfundisha nani, watoto walioachishwa ziwa juzi? Wanarudia maneno mawili mafupi ya Kiebrania, tsav na kav, tena na tena. Tafsiri zetu zinasema habari ya amri na kanuni, lakini wafafanuzi kadhaa wamesikia humo darasa la watoto wadogo, mwalimu akirudia sauti na watoto wakimfuata, kama kwetu ba be bi bo bu. Watu wakubwa waliona ni aibu kufundishwa hivyo, kidogo hapa na kidogo pale. Jibu la Mungu kwao ni kali: kwa namna hiyo hiyo waliyoicheka atasema nao. Nimeona fungu hili likihubiriwa mara nyingi kuhusu ulevi. Ningependa lihubiriwe siku moja kuhusu dharau.

Biblia inajua pia sauti moja inaweza kumfanyia mtu nini. Katika Waamuzi 12, watu wa Gileadi walisimama kwenye vivuko vya Yordani na kumtaka kila apitaye aseme "shibolethi". Mwefraimu alisema "sibolethi", kwa kuwa sh haikumo kinywani mwake, na kwa hilo aliuawa. Hesabu iliyoandikwa ni watu 42,000. Sisi hatuui, lakini tunacheka, na wengi wetu tuliozaliwa bara tumewahi kuchekwa kwa sababu ya l na r. Mtoto ambaye ulimi wake haushiki sh wala r anaposimama mbele ya kanisa, yuko kivukoni, nasi ndio tuliosimama ng'ambo.

Nani aliyefanya tofauti? Mwaka 1900 daktari kijana wa Italia, Maria Montessori, alikuwa akiongoza huko Roma shule ya watoto ambao wengine walikuwa wametolewa katika nyumba za wendawazimu. Aliwapa herufi za mbao wazipapase, wafuate umbo lake kwa vidole huku wakitamka sauti. Baadhi yao walifika mahali pa kufanya mtihani wa kusoma na kuandika pamoja na watoto wa shule za kawaida, wakafaulu. Watu walistaajabu. Yeye mwenyewe aliandika kwamba wakati wengine wakiwastaajabia watoto wake, alikuwa akijiuliza ni nini kinachowarudisha nyuma watoto wenye afya katika shule za kawaida. Mwaka 1907 akafungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo na kutumia humo aliyojifunza. Kwa hiyo herufi za msasa zinazopapaswa leo katika shule za awali za watu wenye uwezo, duniani kote, zilitoka kwa watoto waliohesabiwa kuwa hawafundishiki. Waliotarajiwa kupokea tu ndio waliotoa.

Kanisa hapa kwetu lina sehemu njema katika habari hii. Shule ya wasioona ya Buigiri, karibu na Dodoma, ilianzishwa na Kanisa Anglikana mwaka 1950, na shule ya viziwi ya Tabora ilianzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963. Sisi Walutheri tuna kazi ya Irente kule Lushoto. Lakini angalia mpangilio: kwanza wasioona, kisha viziwi, na wenye ulemavu wa akili wakaja baadaye sana. Nadhani sababu mojawapo ni kwamba asiyeona na asiyesikia tuliweza kuwaona kama watu wenye akili kama zetu waliofungiwa nje ya mlango, nasi tukatafuta ufunguo. Yule ambaye akili yenyewe ni nzito alitutisha zaidi. Hatukujua tunamtafuta nani ndani.

Yako mapingamizi, na si ya kupuuzwa. Mwalimu ana watoto tisini darasani; saa anayompa mmoja ameitoa kwa themanini na tisa. Mfano wa kondoo mmoja aliyepotea hutajwa hapa upesi mno, hasa na watu wasio na darasa la watoto tisini. Mwalimu mmoja hawezi kuwaacha tisini, na asilaumiwe. Ila mfano ule ulisemwa kwa watu wengi waliokuwa wamekaa pamoja, na usharika ni watu wengi. Kupiga makofi ya silabi hakuhitaji cheti. Kunahitaji dakika kumi na tano, vizibo, na mtu atakayerudi kesho na keshokutwa. Mama mstaafu wa kikundi cha wanawake anaweza kuifanya kazi hii akionyeshwa na mwalimu aliyesomea, na wako walimu waliosomea. Chuo cha Patandi mkoani Arusha kimekuwa kikiwaandaa.

Pingamizi jingine naliheshimu zaidi: kwamba kung'ang'ania kunaweza kuwa ukatili. Ni kweli. Nimeona mtoto akilizwa na herufi ile ile kwa sababu mzazi alitaka kuwaonyesha majirani. Tena njia ya sauti si ya kila mtoto. Kiziwi anahitaji lugha ya alama, nayo ni lugha kamili, si kitu cha kushikilia mpaka sauti zije. Asiyesema kabisa anahitaji kadi za picha za kuonyesha anachotaka. Mtarajie mtoto, lakini usimtarajie awe mtoto mwingine.

Ndiyo maana napenda kusoma Marko 7 na 8 kwa pamoja. Katika sura ya 7 wanamleta mtu asiyesikia, mwenye utasi. Bwana Yesu anamtenga na mkutano, faraghani. Anatia vidole masikioni mwake, kisha anagusa ulimi; masikio kwanza, ulimi baadaye. Anatazama mbinguni, anaugua. Sisemi kwamba alikuwa akifundisha sauti za herufi, wala siahidi mzazi yeyote kwamba mtoto wake ataamka kesho akisema. Nasema tu kwamba hakumponya katikati ya kelele, na kwamba mwalimu wa kitengo anayesoma pale penye kuugua huinua kichwa.

Katika sura ya 8 ni kipofu wa Bethsaida. Bwana anaweka mikono, kisha anamwuliza: unaona kitu? Yule mtu anajibu kwa unyofu kwamba anaona watu, ila wanafanana na miti inayotembea. Hapo sisi tungesema hongera, vizuri sana, Bwana asifiwe, na kumrudisha nyumbani akiwa na nusu ya macho. Bwana aliweka mikono mara ya pili.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa liko kinyume cha yule kijana wetu. Wako watoto wenye usonji wanaosoma mapema kwa namna ya kushangaza, wakiwa na miaka mitatu au minne. Wanatamka ukurasa mzima bila kukosea na hawawezi kukuambia hata jambo moja lililoandikwa humo. Wazazi hufurahi, na usharika humweka mtoto mbele asome somo. Towashi wa Kushi katika Matendo 8 alikuwa akimsoma Isaya kwa sauti, hata Filipo akamsikia, na bado Filipo alimwuliza kama anayaelewa ayasomayo. Towashi akaomba mtu wa kumwongoza, na Filipo akapanda, akaketi pamoja naye garini. Mtoto wa namna hii naye anahitaji mtu wa kuketi karibu, kwa sababu nyingine. Kumpigia makofi na kumwacha hapo ni kule kule kutomtarajia.

Basi inabaki habari ya Kipaimara, ambako swali hili litatufikia tukitaka tusitake. Katika sharika nyingi mtoto husimama na kujibu maswali ya Katekisimu Ndogo mbele ya watu. Kijana wa herufi kumi na moja tunamfanyia moja kati ya mawili: tunamwacha nyumbani mwaka hadi mwaka, au tunampitisha kimya kimya na kumwekea mikono bila kumwuliza lolote. La pili laonekana kuwa neema. Mimi naona yote mawili yamemruka. Luther, katika dibaji ya Katekisimu hiyo ya 1529, aliwashauri wachungaji wachague maneno ya namna moja na kuwafundisha vijana na watu wa kawaida maneno hayo hayo, neno kwa neno, bila kuyabadilisha mwaka hadi mwaka. Mwalimu yeyote wa elimu maalumu angemwelewa mara moja. Maneno machache, yale yale, kila siku, mpaka yakae.

Nilimwuliza mwinjilisti anayemfundisha kijana huyo angeanza na neno gani. Alitaka "Yesu". Mwalimu wa kitengo akakataa, akisema ile y ni ngumu kwake na s bado haijakaa. Kati ya herufi zake kumi na moja, anazozijua bila kusita ni a, m na b. Wakatafuta. Wakafika Marko 14, mstari wa 36, Bustani ya Gethsemane, pale Bwana anapoanza kuomba: Aba, Baba. Sisemi kwamba Aba lilikuwa neno la kitoto tu, maana hata watu wazima waliwaita baba zao hivyo. Lakini ni neno la midomo, la kufunga na kufungua, na maneno yote mawili yameandikwa kwa herufi mbili tu.

Aliyasoma mwezi wa pili. Huweka kidole chini ya A, anasubiri, anafunga midomo. Humchukua karibu nusu dakika. Mwinjilisti hamsaidii, na wenzake wamezoea kusubiri. Akimaliza, sehemu iliyobaki ya mstari tunamsomea.